Kidole cha Kumi na Moja

Siku ya matembezi Fundi aliamka mapema kuliko wote, akapiga pasi suruali yake mwenyewe, kisha akakaa kwenye meza ya jikoni na kalamu kuandika ratiba. Saa tatu, kivuko. Saa nne, ngome ya zamani. Saa tano na nusu, nyumba ya samaki. Saa saba, chakula. Saa nane na nusu, mnara wa taa. Saa kumi, kurudi nyumbani. Akapiga mstari chini yake, akaweka na saini.

Mkewe alikuja na kanga kiunoni, akaisoma mara mbili huku akizuia kicheko.

"Baba Mkaguzi," alisema, "mbona sioni saa ya kukojoa?"

"Watakojoa kwenye kivuko."

"Haya. Na vibofu vyao umevitaarifu?"

Mkaguzi ndiye mtoto wao wa kwanza, wa kiume, wa miaka saba. Walimpachika jina hilo kwa sababu tangu ajue kusoma hakuna tangazo linalompita bila kulisoma kwa sauti na kuangalia kama watu wanalitii. Na kama ilivyo kawaida, mke hakumwita mumewe kwa jina lake. Alimwita kwa mtoto wa kwanza, Baba Mkaguzi, na mtaa mzima ukafuata. Liweke hilo akilini, maana lilikuja kuleta balaa.

Fundi mwenyewe ni fundi wa mashine za meli. Kazi yake iko chini kabisa, tumboni mwa chombo, mahali pasipo na dirisha, ambako injini zinanguruma mchana kutwa na usiku kucha mpaka meno yanagongana. Kule huzungumzi, unafoka. Ukitaka spana unafoka, ukitaka chai unafoka, hata ukitaka kumpa mwenzako pole ya msiba inabidi umfokee sikioni. Miaka kumi na mbili ya maisha hayo ilikuwa imempa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na sikio moja lililokuwa limeanza kugoma. Tena kule kila jambo linakwenda kwa zamu na kwa dakika. Ndiyo maana ya ratiba.

Lakini matembezi yenyewe hayakuwa ya kuona ngome wala samaki. Yalikuwa ya mtoto wa pili, binti yao, Sisimizi.

Sisimizi alikuwa na miaka minne na nusu. Baba yake alipoondoka mara ya mwisho alikuwa na miwili, anayumba yumba na kusema "maji" na "sitaki". Mkataba ulikuwa wa miezi kumi. Ulipokwisha akaombwa aongeze, akaongeza. Akaombwa tena, akaongeza tena, kwa sababu nyumba ilikuwa haijaezekwa. Sasa nyumba imeezekwa, na yeye amerudi, na mtoto hamjui. Hamjui kabisa! Wiki nne alizokaa nyumbani Sisimizi hakumwita Baba hata siku moja. Asubuhi alimwamkia "shikamoo" ile ile anayompa mwenye duka. Fundi akiingia sebuleni, yeye anatoka taratibu, kwa adabu zake zote, kama vile anampisha mgeni akae. Mdoli aliyeletewa kutoka bandari ya mbali bado alikuwa ndani ya boksi lake, juu ya kabati.

Na zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Fundi anapanda meli tena. Akirudi, Sisimizi atakuwa yuko shule, na Fundi alijua, alijua kwa namna iliyomkosesha usingizi, kwamba asipoingia moyoni mwa huyu mtoto sasa hivi, atabaki kuwa mgeni kwake, kama yule mwenye duka, maisha yake yote.

"Leo lazima aniite Baba," alimwambia mkewe, akikunja ratiba na kuitia mfukoni.

"Mtoto si bolti, mume wangu."

"Nimesema leo."

Mkewe akaenda kuwaamsha watoto. Alimjua alivyo akishapanga jambo.

*

Kivuko walikipata kwa tabu, maana Sisimizi alisimama njiani kuangalia mtu anapaka rangi geti. Lakini walikipata. Fundi akawapeleka mbele kabisa, penye upepo, akanyoosha mkono kama mwenye bandari.

"ILE PALE NI KRENI!" akasema. "INANYANYUA KONTENA KAMA MTU ANAVYONYANYUA KIBIRITI! NA ILE PALE, ILE YENYE BOMBA JEUSI, MELI YANGU NI KUBWA KULIKO ILE MARA TATU!"

Abiria wote waligeuka kuangalia kreni. Hata nahodha aligeuka.

"'Usisimame hapa,'" Mkaguzi akasoma ubao uliokuwa juu ya kichwa cha baba yake. "Baba, umesimama hapo."

"NIMESIMAMA DAKIKA MOJA TU!"

"Haijaandikwa dakika moja."

Sisimizi alikuwa amechuchumaa karibu na mama yake. Kwenye bati la sakafu palikuwa na kidimbwi cha maji, kidogo kama sahani, na kivuko kilivyokuwa kinatetemeka, maji yale yalifanya viduara vingi, kimoja ndani ya kingine, bila kwisha. Alikuwa ameinamia hapo, pua karibu iguse.

"SISIMIZI! ACHANA NA MAJI MACHAFU, TAZAMA MELI!"

Mtoto aliruka kwa mshtuko, akaweka kiganja kimoja sikioni, akatazama meli kama alivyoambiwa. Aliitazama mpaka wakafika ng'ambo, na Fundi akajipongeza moyoni kwamba mambo yanakwenda. Kumbe wapi.

Kule ngome mambo yalikwenda mrama zaidi. Kulikuwa na mizinga kumi na minne ya chuma, imepangwa ukutani ikitazama bahari, na Fundi alikuwa amejiandaa kueleza jinsi baruti inavyofanya kazi. Lakini ndani ya mdomo wa mzinga wa kwanza alikuwa amelala paka. Basi. Historia yote iliishia hapo. Sisimizi alisimama mbele ya paka yule, mikono nyuma, akimtazama anavyopumua, tumbo juu, tumbo chini. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mama mtu akaketi kivulini. Mkaguzi akaenda kusoma mabango. Fundi akatazama saa, akatembea mpaka mzinga wa kumi na nne, akarudi, akatazama saa tena. Walikuwa wamechelewa kwa dakika arobaini, na kule anakofanya kazi, mtu akichelewa dakika arobaini kuna mwenzake anashindwa kwenda kulala.

"HAYA TWENDE, TWENDE, TWENDE!" akapiga makofi.

Paka aliruka kutoka kwenye mzinga, akapotelea kwenye majani.

Sisimizi alitazama pale paka alipokuwa. Kisha akamtazama Fundi, mara moja tu. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alikwenda kushika mkono wa mama yake, wakaondoka.

*

Nyumba ya samaki ilikuwa ndani ya jengo la zamani lenye ubaridi na giza giza, kuta zake zote vioo, na nyuma ya vioo maji ya kijani. Watu humo ndani walitembea polepole bila kuambiwa. Fundi, ambaye sasa roho ilikuwa imemshuka, alibaki nyuma akisukuma ratiba yake mfukoni kwa kidole.

Kwenye kioo cha mwisho kulikuwa na pweza. Alikuwa amejikunja kwenye chungu kilichovunjika, wa kahawia, kama tambara. Sisimizi alipoweka kiganja kwenye kioo, pweza akatoa mkono mmoja polepole, akauweka upande wa pili wa kioo, pale pale penye kiganja. Kisha akageuka rangi, akawa mwekundu mwili mzima.

Mtoto alivuta pumzi. Aligeuka na macho yamemtoka, na usoni mwake mlikuwa na furaha ambayo Fundi hakuwahi kuiona tangu arudi. Fundi akainama haraka, tayari kuipokea. Lakini Sisimizi alimpita, akavuta nguo ya mama yake.

"Mama, nipe simu. Nataka nimpigie Baba nimwambie kuna pweza."

Mama alitabasamu kwa aibu. "Baba si huyu hapa, mama? Mwambie."

Sisimizi alimtazama Fundi kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake aliyekaa kwenye kiti kisicho chake.

"Huyu ni Baba wa Mkaguzi," akasema. "Mimi nataka Baba yangu. Wa kwenye simu."

Mkaguzi alipasuka kwa kicheko mpaka akashika mbavu. "Mjinga wewe! Ndiye huyo huyo!"

"Siyo."

"Ndiye!"

"Siyo! Wewe umepata wako, mimi wangu hapigi tena."

Fundi na mkewe walitazamana. Mkewe ndiye aliyeelewa kwanza, akaweka mkono mdomoni.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Jioni. Kila jioni akishaoga anachukua simu yangu, anakaa nayo dirishani. Mimi nadhani anataka katuni. Nimemgombeza, jamani. Juzi nilimnyang'anya."

Ngoja nikueleze. Katika ile miaka miwili na nusu, Fundi hakukosa kupiga simu. Mtandao wa meli ulikuwa wa kubahatisha, picha haipiti, sauti tu, basi mtoto alikua na sauti. Kila jioni baada ya kuoga, simu inalia, anakaa dirishani, anaongea na baba yake mpaka usingizi umchukue. Halafu siku moja likaingia mlangoni jitu lenye begi na makelele, na tangu siku hiyo simu haikulia tena. Fundi angempigia nani naye yuko nyumbani? Wakubwa wote waliona ni jambo la wazi. Hakuna aliyemweleza mtoto. Kwa hesabu yake yeye, jitu limekuja, Baba amepotea.

"Mpigie," mkewe akamwambia Fundi. "Nenda pale pembeni umpigie."

Alikwenda. Alijibanza kwenye kona ya ukumbi karibu na vyoo, sauti za watu zikirudi kutoka kwenye dari, akabonyeza. Kule melini, kitanda chake kilikuwa juu ya kitanda cha mwenzake wa zamu ya pili, na saa anayopata yeye kupiga simu ndiyo saa mwenzake anayolala. Kwa hiyo siku zote alijifunika blanketi kichwani na kuongea chini kwa chini. Hata hapa kwenye kona, bila kuwaza, aliukusanya mkono kuzunguka mdomo.

"Sisimizi," alinong'ona. "Umekula nini leo?"

Ndivyo alivyoanza siku zote.

"Baba!" Loo, sauti hiyo! Mwezi mzima amekaa na mtoto huyu nyumba moja, hakujua kama ana sauti hiyo. "Baba, nimekula mkate na yai. Baba, kuna pweza, amenipa mkono! Mbona hupigi?"

"Nilikuwa..."

"Nakungojea dirishani. Jana nilikungojea. Na juzi. Mama anasema nachezea simu, sichezei."

"Pole, mama yangu."

"Tangu Baba wa Mkaguzi aje hupigi. Mmegombana?"

Fundi aliegemea ukuta. "Hatujagombana. Ni mtu mbaya huyo?"

Akasikia mtoto anafikiri, anapumua kwenye simu.

"Si mbaya. Ana kelele. Amemfukuza paka. Lakini ameniletea mdoli. Sijamfungua."

"Kwa nini hujamfungua?"

"Nikimfungua utajua nimempenda yule. Halafu hutapiga tena kabisa."

Mtu mzima, mikono imejaa makovu ya mashine, alisimama karibu na mlango wa choo cha wanaume akatokwa na machozi. Watu wanapita, anawageuzia mgongo.

"Utakuja lini?" Sisimizi akauliza.

Na hapo ulimi ulimponza. Miaka miwili na nusu ulishazoea kuahidi kutoka mbali, ambako ahadi haina mtu wa kuikagua.

"Leo," akasema.

"Leo leo hii?"

"Leo leo hii."

*

Alinawa uso, akapiga moyo konde, akatoka kwenye ile kona kifua mbele, mikono ameitandaza, na kwa furaha na hofu iliyomjaa sauti ikamtoka yote.

"HAYA! BABA AMEFIKAA!"

Mama mmoja aliangusha mkoba wake. Sisimizi alitazama nyuma ya Fundi, kuelekea mlango. Kwa kuwa Fundi alikuwa amemziba, alisogea pembeni kidogo, kwa adabu, ili aone vizuri. Aliendelea kutazama mlango ule mpaka mikono ya Fundi ikateremka yenyewe.

"Umemwambia leo?" mkewe alimuuliza walipokuwa wanatoka, meno yamebana. "Anaruka ruka hapa, Baba anakuja leo. Sasa atakuja nani, Baba Mkaguzi? Nieleze mimi. Atakuja nani?"

"Sijui."

"Bora angeendelea kusubiri kuliko hivi."

Chakula hakikulika. Walikaa kwenye mkahawa wenye viti vya plastiki, na kila mwanamume aliyeingia, Sisimizi alinyanyua kichwa. Akaingia mwenye kofia, akanyanyua. Akaingia kijana wa kuleta barafu, akanyanyua. Chipsi zake zikapoa. Fundi alijaribu mara mbili kumweleza, kwa upole kadiri alivyoujua, kwamba yule na huyu ni mmoja, na kila alipofungua mdomo watu wa meza ya tatu waliacha kula kumsikiliza. Mtoto aliitikia "ndiyo" na "ndiyo", kama anavyoitikiwa mtu mzima anayesema mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

"Turudi nyumbani," mkewe akasema.

Lakini mlangoni Mkaguzi alishaona bango la mnara wa taa. "'Kutoka juu unaiona bahari yote,'" akasoma. Na Sisimizi akasema, "Twende. Nitaiona meli ya Baba ikija."

Hakuna mzazi aliyekuwa na ubavu wa kukataa.

Ngazi zilikuwa mia moja arobaini na mbili, za kuzunguka, na mama wa tikiti aliwaonya kwamba saa kumi anapiga kengele na kufunga. Sisimizi alipanda zote kwa miguu yake. Mara mbili Fundi alinyoosha mikono ambebe, mara mbili alisema "hapana, asante". Mkaguzi aliyeanza kwa mbio ndiye aliyemalizia anabururwa.

Juu kulikuwa na chumba cha vioo na benchi moja la mbao. Bahari ilikuwa imetulia, na meli sita hivi zimetia nanga mbali, zinangoja nafasi bandarini. Mama aliketi na Mkaguzi kwenye benchi. Sisimizi alikwenda kwenye kioo, akabandika paji la uso.

"Mama, Baba yuko kwenye ipi?"

Mama alimtazama mumewe.

Fundi alisimama katikati ya chumba. Alikuwa amepanga kuwaonyesha, pale juu, njia ambayo meli yake hupita, wapi inapinda, wapi nchi kavu inapotea. Alikuwa amelifanyia mazoezi. Sasa alitazama kisogo kile kidogo chenye vishungi viwili vya nywele, na akajiona mpumbavu wa mwisho. Alitamani kweli atokee huyo mtu wa kwenye simu, apande ngazi, amchukue mtoto wake. Hata kama si yeye. Jua lilikuwa linaingia kwa vioo, chumba kikawa na joto.

Kengele ikalia chini.

"Twende, mama," mama akasema taratibu.

Sisimizi alikaa sakafuni. "Namngojea."

"Wanafunga."

"Amesema leo. Bado ni leo."

Kengele ikalia mara ya pili. Fundi alipiga hatua, akavuta pumzi yake yote ile ya chumba cha mashine. "SISI..."

Mkewe akanyanyua kidole haraka, akaonyesha mapajani mwake. Mkaguzi alikuwa amelala, mdomo wazi, hoi.

Na mwili una mazoea yake. Miaka kumi na mbili, Fundi akimwona mtu amelala karibu naye, sauti hujizima yenyewe. Hakuamua. Alipiga magoti nyuma ya binti yake, akakusanya mkono kuzunguka mdomo ili asimwamshe aliyelala, akainama.

"Sisimizi," alinong'ona. "Umekula nini leo?"

Mgongo wa mtoto ukakaza. Kwanza alitazama simu, ilikuwa mkononi mwa mama yake, kioo cheusi, imezimwa. Akatazama mlango wa ngazi. Kisha aligeuka polepole, akautazama mdomo wa Fundi kwa karibu, kama alivyomtazama pweza.

"Sema tena," akasema.

"Umekula nini leo?"

Alifumba macho. "Sema tena."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa, akasogeza mdomo karibu zaidi na sikio lake. Mtoto akangoja, macho amefumba.

"Umekula nini leo, Sisimizi wangu?"

"Chipsi," alinong'ona naye. "Mbili tu. Nilikuwa nakusubiri."

"Nimefika."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa napiga kelele, hukunisikia."

Sisimizi alifumbua macho. Akanyoosha mkono, akamshika kidevu, akakigeuza huku na huku kama mtu anayekagua papai sokoni.

"Mbona ulikuwa unapiga kelele?"

"Kazini kuna mashine. Nimezoea."

"Hapa hakuna mashine," Baba akaambiwa.

"Hakuna."

Alimpandia kifuani, akamzungushia mikono shingoni, akamkalia kama mzigo uliopata mwenyewe. Mama yake aligeukia bahari akajipangusa na ncha ya mtandio. Kengele ililia mara ya tatu, hii kwa hasira.

Waliteremka, Fundi mbele na Sisimizi kifuani, mama nyuma anamshika mkono Mkaguzi aliyekuwa anatembea huku amelala. Kwenye mzunguko wa pili wa ngazi, Fundi alisikia pumzi ya joto kwenye sikio lake, lile zima.

"Baba. Sasa kule kwenye simu amebaki nani?"

"Hakuna mtu. Nimetoka mzima mzima."

Jibu hilo lilimridhisha kwa ngazi kama kumi hivi.

"Utarudi tena kule?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, tamu, rahisi, la bure. Lakini ahadi moja ilikuwa imetosha kumtoa jasho siku nzima. Fundi alisimama, akaketi pale pale kwenye ngazi na mtoto wake mapajani.

"Nitarudi," alinong'ona. "Kazi yangu iko kule. Nitakuwa nakupigia kila jioni, hata siku moja sitaacha. Na nikija tena nitakuja nanong'ona tangu mlangoni."

"Unaenda lini?"

"Bado siku kumi na moja."

Sisimizi hakulia. Alitoa mikono yake, akaanza kuhesabu, kidole kimoja kimoja, kwa makini, midomo inatikisika. Alipofika cha kumi vidole vilikwisha. Akavitazama, akavigeuza, kama vile kingine kimejificha upande wa pili. Halafu akaushika mkono wa kulia wa baba yake, akaukunjua, akachagua kidole kidogo, kile chenye ukucha mweusi uliowahi kugongwa na nyundo.

"Na hiki," akasema.

"Na hicho."

"NYIE WA JUU!" mama wa tikiti alipaza sauti kutoka chini. "MNALALA HUKO? NAFUNGA MLANGO!"

"Tunakuja," Fundi akanong'ona, na hakuna mtu wa chini aliyesikia.

Ratiba ilianguka mahali fulani kwenye ngazi zile, na hakuna aliyerudi kuitafuta. Kwenye kivuko walichuchumaa wote wawili mbele ya kidimbwi cha maji mpaka wakafika ng'ambo. Sisimizi hakukiachia kile kidole, si kivukoni, si njiani, wala walipofika nyumbani, hata ikabidi mkewe ndiye atoe ufunguo na kufungua mlango, maana mkono wa kulia wa Fundi ulikuwa na mwenyewe.